Korea Kaskazini: Mazungumzo Hukwama Kwenye Swali la Nani Atangulie

Februari 28, 2019, meza ya chakula cha mchana ilikuwa imekwishaandaliwa katika hoteli ya Metropole mjini Hanoi. Donald Trump na Kim Jong Un waliondoka bila kuigusa. Kim alikuja tayari kubomoa kituo cha nyuklia cha Yongbyon. Naye alitaka vipengele vinavyobana uchumi viondolewe katika maazimio 5 kati ya 11 ya Baraza la Usalama, yale ya 2016 na 2017. Wamarekani walipopiga hesabu waliona hayo 5 ndiyo yenye meno, ilhali Yongbyon, pamoja na ukubwa wake, si mahali pekee walipoamini urani inarutubishwa ili ifae kwa bomu. Kuyafuta yote kwa kituo kimoja kungekuwa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kwa Pyongyang nako, kubomoa kwanza na kusubiri malipo baadaye kulimaanisha kukabidhi silaha yake kwa serikali ya Washington inayoweza kubadilika baada ya uchaguzi mmoja.

Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na hapo ndipo ugumu wote ulipo. Korea Kaskazini huitwa nchi isiyotabirika, lakini ukifuatilia miaka 30 iliyopita utaona lengo lake halijayumba: utawala wa ukoo wa Kim ubaki, na mlinzi wake ni bomu. Kinachoyumba ni umoja wa mataifa makubwa yanayoizunguka.

Tuanze na makubaliano ya Geneva ya Oktoba 1994 kati ya Korea Kaskazini na Marekani. Pyongyang ilikubali kusimamisha kinu cha megawati 5 cha Yongbyon na ujenzi wa vinu viwili vikubwa zaidi. Kinu hicho kidogo kinaweza kutoa takriban kilo 6 za plutoniamu kwa mwaka, kiasi cha bomu moja hivi. Fimbo 8,000 za mafuta ya nyuklia yaliyotumika zilifungwa kwenye makopo na kuwekewa lakiri za Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki. Malipo yake yalikuwa vinu viwili vya umeme vya maji mepesi, aina isiyofaa kirahisi kutengenezea bomu, na hadi vitakapokamilika, tani 500,000 za mafuta mazito kila mwaka. Aina hiyo ya mafuta ilichaguliwa kwa makusudi: huchomwa kwenye mitambo ya umeme, hayawezi kuendesha ndege wala kifaru.

Utekelezaji ulichechemea pande zote. Bunge la Marekani lilibana fedha za mafuta, shehena zikachelewa. Kinu cha kwanza kilitarajiwa kiwe tayari 2003, lakini zege la msingi wake lilimwagwa Agosti 2002. Wakati huohuo Korea Kaskazini ilikuwa ikipata kwa siri mashine za kurutubisha urani kupitia mtandao wa A. Q. Khan, mwanasayansi wa nyuklia wa Pakistan. Mwaka huohuo Marekani iliibana juu ya siri hiyo, mafuta yakakatwa Novemba, wakaguzi wakafukuzwa Desemba, na Januari 2003 Pyongyang ikajitoa kwenye mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia. Zile fimbo 8,000 zikafunguliwa na kutolewa plutoniamu iliyokuwamo.

Wanaotetea shinikizo husema huo ni ushahidi tosha wa udanganyifu, na kweli Pyongyang ilidanganya. Lakini kwa miaka 8 ya makubaliano yale Yongbyon haikutoa plutoniamu mpya hata gramu. Jaribio la kwanza la bomu likaja Oktoba 2006, mazungumzo yakiwa yamekwama na vikwazo vikianza kukaza. Mwaka mmoja kabla, Septemba 2005, mataifa 6 yaliyokutana Beijing, yaani Korea zote mbili, Marekani, China, Japani na Urusi, yalitoa tamko la pamoja ambamo Pyongyang iliahidi kuachana na silaha za nyuklia. Mwezi huohuo Hazina ya Marekani iliituhumu benki moja ya Macau, Banco Delta Asia, kuisaidia Pyongyang kusafisha fedha haramu, na takriban dola milioni 25 za Korea Kaskazini zikazuiwa. Kwa nchi ni fedha ndogo, lakini mabenki mengine yaliogopa kuzigusa hata baada ya Washington kukubali zirudishwe. Ilibidi mwaka 2007 zipitishwe Benki Kuu ya Marekani tawi la New York, kisha benki ya Urusi, ndipo wakaguzi wakarudi Yongbyon.

Kisa hicho kinawapa nguvu wote wawili. Anayetaka kubana huona kwamba fedha zinauma kuliko hotuba. Anayetaka kuzungumza huona kwamba mkono mmoja wa serikali ulivunja kilichojengwa na mwingine.

Udhaifu mkubwa wa shinikizo uko mpakani mwa China. Azimio 2397 la Baraza la Usalama, la Desemba 2017, linairuhusu Korea Kaskazini kuingiza mapipa 500,000 tu ya mafuta yaliyosafishwa na mapipa milioni 4 ya mafuta ghafi kwa mwaka. Mafuta ghafi hupita bombani kutoka Dandong, mji wa China ulio mpakani. Mafuta hayo, ya visima vya Daqing nchini China, yana nta nyingi, yakisimama bombani wakati wa baridi huganda na kuziba, kwa hiyo kufunga bomba si jambo la kufungua na kufunga kama koki ya nyumbani. Sababu kubwa zaidi ni ya kisiasa: Beijing haipendi bomu la Kim, lakini inaogopa zaidi utawala huo uporomoke, wakimbizi wamiminike kuvuka mpaka wa takriban kilomita 1,400, na jeshi la Marekani lisogee hadi mto Yalu ulio mpakani. Mafuta yaliyosafishwa huingia pia kwa magendo: meli mbili hukutana baharini, huzima vifaa vya kujitambulisha, huunganisha mipira na kuhamishiana shehena.

Shinikizo liliwahi kufika hata Afrika Mashariki. Uganda, iliyokuwa na wakufunzi wa Kikorea katika polisi wake, ilitangaza mwaka 2016 kukata ushirikiano huo wa kijeshi. Mambo kama hayo yaliwezekana kwa sababu wakubwa walikuwa wakipiga kura pamoja. Machi 2024 Urusi ilitumia kura ya turufu kulizima jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lililokuwa likifuatilia vikwazo. Juni mwaka huohuo ikatia saini mkataba wa kusaidiana kijeshi na Pyongyang, na baadaye askari wa Kim wakapelekwa Kursk, jimbo la Urusi, kupigana na Ukraine. Mwenye mshirika kama huyo haoni haraka ya kwenda Hanoi tena.

Kwa maoni yangu, kudai silaha zote kwanza kumeshakufa. Kilichobaki ni kusimamisha uzalishaji chini ya macho ya wakaguzi, hatua kwa hatua, nipe nikupe, na vikwazo vinavyolegezwa vijirudie vyenyewe ahadi ikivunjwa. Wapinzani wa njia hii wana hoja nzito: ni kama kuitambua Korea Kaskazini kuwa dola la nyuklia, na Seoul, iliyo kilomita 50 hivi tu kutoka mpakani, pamoja na Tokyo zitabaki chini ya makombora ya masafa mafupi na ya kati. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini iko hivyohivyo leo, tena bila mkaguzi yeyote. Wa mwisho aliondoka Yongbyon Aprili 2009. Tangu hapo dunia hukisia kwa picha za setilaiti: moshi kwenye bomba la mtambo wa kupasha joto, na maji yanayotoka kinuni kuingia mtoni.