Fidia ya Ziwa

Baba mkwe wangu ni mtu wa Ukerewe, na kwake Mwanza ni kitongoji tu cha Ukerewe kilichobahatika kupata lami. Alikuja mjini kuangaliwa macho. Meli ya Nansio ilikuwa inaondoka mchana, mke wangu akaniambia, "Mtembeze Baba, usimkalishe bandarini." Mama mkwe naye alikuwa ametuma orodha ya manunuzi, kwa hiyo nilitembea na daftari na kalamu mkononi. Shikeni hapo kwenye daftari.

Tulianzia Kamanga, kwenye Jiwe la Bismarck. Nikamweleza kwamba huyo alikuwa Kansela wa Ujerumani, na wala hakuwahi kukanyaga Afrika. Baba akalitazama jiwe, akayatazama maji.

"Hata ndoo moja hakuchota?"

"Hata moja, Baba."

Akaguna. Kwenye sanamu ya samaki hatukukaa. Alisema tu kwamba samaki asiyelika ni kuharibu saruji.

Balaa lilikuwa Mnara wa Saa. Pale kuna kibao cha Kiingereza kuhusu Speke, yule msafiri Mwingereza, akataka nimsomee. Nikasoma: kwenye kilima cha Isamilo, maili moja kutoka hapa, tarehe 3 Agosti 1858, Speke aligundua chanzo kikuu cha Nile.

"Aligundua?"

Baba mkwe amezoea kuita mitumbwi iliyo mbali majini. Wauza soksi wakageuka.

"Isamilo alikuta watu?"

Alikuta, Baba. Mwenyeji mmoja aliulizwa ziwa linaishia wapi, akajibu kwamba pengine linafika mwisho wa dunia.

"Na ziwa lilikuwa halina jina?"

Mkwe haulizwi akanyamaza. Nikasema Waarabu wa Tabora walikuwa wamemtajia Speke Bahari ya Ukerewe, yeye akaliita Victoria, jina la malkia wake.

Baba alimeza mate. "Ziwa letu! Limeandikishwa kwa jina la mtu mwingine!"

Watu wakaanza kusogea. Kijana wa karanga akauliza kama huyo Mzungu angalau aliona vizuri. Nikajibu kwamba mwaka huohuo, kule Ziwa Tanganyika, macho yalimuuma hadi ziwa lenyewe hakuliona, kisha mdudu akamwingia sikioni, naye akamchokonoa mdudu kwa kisu, sikio likaziba.

"Macho mabovu, sikio bovu," Baba akautangazia umati, "ndiye shahidi!"

Makofi. Ila waliokuwa nyuma walishika maneno mawili tu, ziwa na kuandikishwa.

"Wanaandikisha nini?" akauliza bodaboda.

"Fidia ya ziwa."

"Nani analipa?"

"Waingereza."

Mara nikaona foleni, na mbele ya foleni ni mimi na daftari langu. Mama wa dagaa akanikabidhi kopi ya kitambulisho. Mwingine akauliza kama pasipoti saizi mbili zinatosha. Jamaa wa Geita alitaka kujua kama wao wanaandikishwa hapahapa au wasubiri kwao. Nikasema hakuna fidia yoyote, jamani.

"Ndivyo wanavyosema wakishaandika ndugu zao," akajibu mzee mmoja, akachungulia daftari na kusoma kwa sauti. "Nyavu. Betri za tochi. Dawa ya kikohozi. Kumbe kuna na vifaa!"

Foleni ikavuka barabara. Kwenye kipilefti daladala zilisimama, honi juu ya honi, na kondakta mmoja akashuka, akawaacha abiria wake, akajipanga. Baba, badala ya kunisaidia, alikuwa amepanda kwenye ukingo wa mnara akiwanyoosha watu mstari: wa visiwani mbele, wa nchi kavu nyuma.

Ndipo akaja kijana wa sare, rungu kwapani. "Nani kawapa kibali cha mkusanyiko?"

Nikaanza kumweleza habari za 1858. Akanivuta pembeni, akatazama huku na huku, akashusha sauti.

"Mama yangu yuko Sengerema. Ziwa analiona akiwa jikoni. Naye anahusika?"

Sikuwahi kujibu. Baba alishasikia kule juu.

"Mwandike, mkwe. Ila chini yangu."