Spana Niliyoshindwa Kuitaja Mbele ya Mama Mkwe

Natengeneza mashine za kufulia. Nina kibanda Tabata, na kwa miaka 11 kila anayenunua mashine ya mlango wa mbele namwambia maneno matano kabla hajachomeka waya: toa boluti za nyuma kwanza. Nawaambia hata wasioniuliza. Siku moja ukumbini nilimfuata bwana harusi jukwaani kumwambia, maana nilikuwa nimeliona boksi kwenye zawadi. Alidhani nimekuja kumpa mkono.

Sababu yake ni hii. Ndani ya mashine hizi, lile pipa ambalo nguo zinazunguka ndani yake halikukazwa popote. Limening'inizwa kwa springi juu, likashikwa na shokapu chini, likafungiwa jiwe zito la zege ili litulie. Ndiyo maana mashine ya kilo 8 hubebwa na vijana wawili na bado wanagombana kwenye ngazi. Sehemu nzuri ya uzito wanaoubeba ni zege. Pipa likisafirishwa hivyo hivyo likining'inia litagonga kila upande hadi livunje kitu, kwa hiyo kiwandani wanalibana na boluti ndefu, mara nyingi 4, wakati mwingine 3, zinazopita bati la nyuma. Ukiwasha mashine boluti zikiwa bado zimo, springi hazina kazi. Mtikisiko wote unaingia kwenye bodi, bodi inaupeleka sakafuni, na mashine inaota miguu.

Sasa nikanunua ya kwangu.

Kuichagua hakukunisumbua. Kilo 7 zinatosha familia ya watu wanne, lakini kwangu kuna mablanketi, nikachukua 8. Na kilo hizo ni za nguo kavu, watu wengi hawajui, wanapima zikiwa zimelowa. Kwenye kukamua nilichukua mizunguko 1,200 kwa dakika. Muuzaji alitaka kunipandisha 1,400, nikamwambia jua la Dar es Salaam linakausha bure. Wasiwasi ulikuwa maji. Mashine hizi zinatumia maji machache, kama lita 50 kwa mfuo mmoja wakati nyingi za mlango wa juu hupita 100, ila zinataka yaingie kwa msukumo. Tangi likiwa juu mita 10 linatoa msukumo wa kama baa moja, ndicho kipimo chake. Mashine nyingi zinaomba angalau 0.3 hadi 0.5. Simtanki langu liko kwenye mnara mdogo, mita nne na ushee kutoka kwenye bomba. Nikapima kienyeji: ndoo ya lita 10 chini ya bomba lenyewe, ikijaa ndani ya dakika mbili, nunua. Ilijaa kwa dakika moja na sekunde 40. Nikanunua.

Jumamosi mashine ikaletwa. Saa hiyo hiyo, kama waliopatana, akashuka kwenye bodaboda mama mkwe wangu kutoka Korogwe, mjane wa fundi magari, mwanamke ambaye tangu nimuoe binti yake nimekuwa nikizungumza naye nikiangalia vidole vya miguu yangu. Mke wangu alikuwa saluni. Nikawa napokea mizigo miwili kwa pamoja: huku "shikamoo mama, karibu, safari ilikuwaje", kule "vijana, angalieni kona ya ukuta". Nilipogeuka, vijana walikuwa wameshaiingiza kwenye kile chumba kidogo nyuma ya jiko, wameitoa kwenye boksi na kuisukuma mgongo ukutani.

Hapo ndipo kosa lilipoingia. Kwa wateja, anayeisukuma mashine ukutani ni mimi, na kabla ya kusukuma mkono wangu unakwenda nyuma wenyewe. Siku ile mkono haukuitwa.

Mengine yote niliyafanya. Nilifunga mpira wa maji kwa mkono, halafu robo mzunguko kwa koleo, basi. Anayekaza zaidi anaipasua washa, kile kipete cha mpira kilicho ndani. Mpira wa kutolea maji niliuning'iniza kwenye sinki. Sabuni niliweka vijiko viwili vya ile ya mashine isiyotoa povu jingi, kwa sababu ya kufulia kwa mkono ingetoka hadi barabarani. Lakini kuipima kwa pima maji kama imekaa sawa kungenilazimu kuivuta nje, nikasema nitafanya kesho. Na mzunguko wa kwanza unatakiwa uende mtupu, kwa maji ya moto, kuondoa mafuta na vumbi la kiwandani. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni anasubiri kuona nguo zikizunguka. Nikaona aibu kumzungushia maji matupu.

Nikatia blanketi. Moja, zito. Mteja akifanya hivyo namgombeza, kwa sababu blanketi peke yake hujikusanya upande mmoja kama mtoto aliyenuna. Ukitaka litulie, litie na taulo mbili tatu.

Lilizunguka vizuri nusu saa nzima. Mama mkwe akachuchumaa mbele ya kioo, akatikisa kichwa, akaenda kupumzika sebuleni kwenye mkeka. Mimi nikabaki, nikafunga mlango ili kelele zisimsumbue. Mlango ule unafunguka kwa ndani. Shikeni hilo.

Ikafika kukamua kwa katikati, kabla ya kusuuza. Mashine ikajaribu kulipanga blanketi, ikaacha. Ikajaribu tena, ikaacha. Mara ya tatu ikaamua liwalo na liwe. Kwanza ikanguruma. Kisha ndoo iliyokuwa pembeni ikaanza kucheza. Kisha mashine ikapiga hatua.

Kuna kitufe cha kusimamisha. Kiko mbele, kikubwa, kina alama. Mteja akipiga simu ananiambia "fundi inatembea", namjibu bonyeza kitufe, usiishike, usiikalie, kilo 70 zikikuangukia mguuni utanikumbuka.

Niliikalia.

Sijui niseme nini. Nilisikia mkeka ukichakacha sebuleni, nikajua mama anainuka kuja kutazama, na mwili wangu ukaamua kwamba fundi hawezi kukutwa anafukuzana na mashine. Nikapanda kama mtu anayedandia punda wa Lamu. Mashine haikujali. Ikatoka ukutani, ikajigeuza taratibu, ikauelekeza uso mlangoni na kuanza safari, mimi juu yake meno yakigongana. Katikati ya chumba kuna shimo la maji lenye kifuniko cha plastiki. Mguu wa nyuma wa kulia ukakanyaga kifuniko, kikapasuka, mguu ukazama. Mashine ikainama nyuma kwa adabu, ikanimwaga ndani ya ndoo.

Kutoka kwenye ndoo uliyoingia kwa makalio ni kazi inayohitaji msaada au muda. Nilikuwa na muda. Mashine ilimaliza kukamua, ikatulia, ikaanza kuingiza maji ya kusuuza. Ila mpira wa kutolea maji ulikuwa umechomoka kwenye sinki na sasa umelala sakafuni. Nyinyi wengine hamuoni tatizo. Mdomo wa mpira ule unatakiwa uwe juu, kati ya sentimita 60 na 100 kutoka chini. Ukilala sakafuni, maji yanayoingia kwa juu yanajitokea yenyewe kwa chini, mashine inangoja kujaa, haijai, inazidi kuita maji. Inaweza kumaliza tangi huku inakutazama. Nilipojikwamua, nikafunga bomba na kuzima soketi, mto wa maji yenye povu ulikuwa umeshapita chini ya mlango kwenda kumsalimia mama mkwe.

"Baba Zuhura," nikasikia. "Mkeka unaelea."

"Samahani mama. Ni hali ya kawaida."

"Nifungue nikusaidie?"

Akasukuma mlango. Mlango ukaigonga mashine, ukarudi. Uso wa mashine ulikuwa umebana mlango, mguu wake umo shimoni, nami niko nyuma yake ndani ya chumba cha mita mbili. Nikaiinua, haikuinuka. Nikaisukuma, ikazama zaidi. Na pale nilipopiga magoti kuangalia mguu, ndipo nilipoonana nazo uso kwa uso: boluti nne, zimekaa kwenye bati la nyuma kama macho ya buibui, na katikati yake karatasi nyekundu yenye mchoro wa spana. Mchoro. Wamechora ili hata asiyejua kusoma aelewe.

Nilikaa kimya kidogo.

Dawa ya mguu ule ilikuwa rahisi. Miguu ya mashine ni skrubu: unalegeza nati ya kufungia, unauzungusha mguu unarudi ndani ya bodi, unakuwa mfupi, unatoka shimoni. Vifaa vyangu vyote vilikuwa sebuleni. Chini ya mlango nilikuwa nimeacha nafasi ya sentimita mbili ili hewa ipite. Kitu chembamba kingepenya pembeni ya mashine.

"Mama, naomba spana kwenye sanduku jekundu."

"Ziko nyingi. Ipi?"

Boluti zilihitaji namba 10. Hiyo niliitaja kwa sauti ya kiume. Ikaja chini ya mlango, ikisukumwa na mti wa ufagio. Lakini nati ya mguu sikujua namba yake, na ilikuwa imejificha. Hapo inatakiwa ile spana yenye taya, unazungusha kidude, inapanuka au inabana kufuata nati yoyote. Mafundi wote tunaijua kwa jina moja tu, na kila anayesoma hapa kutoka Bongo analijua. Inaitwa spana malaya, kwa kuwa haikatai nati.

Na aliyekuwa na sanduku ni mama mzaa mke wangu.

"Mama, kuna nyingine... ile inayojirekebisha."

Ikaja koleo.

"Asante mama, siyo hiyo. Ile yenye mdomo."

Ikaja spana namba 13. Ni kweli ina mdomo.

"Ile ambayo mama... haina namba maalumu. Inayoelewana na kila nati."

Ikaja bisibisi. Nikafuta jasho. Nikajaribu tena: "Ile isiyobagua, mama. Yeyote anayekuja inampokea."

Kimya. Maji yanadondoka. Halafu mti wa ufagio ukagonga mlango mara mbili.

"Baba Zuhura, si useme tu unataka malaya? Marehemu baba yako alikuwa nazo tatu pale gereji."

Ikapita chini ya mlango ikang'aa. Sikuwa na la kujibu, nikasema ahsante, nikalala ubavu kwenye maji nikaanza kufungua nati.

Nilikuwa nimekwisha toa boluti mbili na nimefika nusu ya mguu simu yangu ilipolia sebuleni. Ikalia, ikakata, ikalia tena. Ikapokelewa.

"Haloo. Ndiyo, ya fundi. Yupo. Hapana, hawezi kuja kwenye simu, amefungiwa." Akasikiliza. "Inaruka? Imeingia lini? Leo. Basi wewe ni wa pili leo. Hebu sikiliza mwanangu, umetoa boluti za nyuma? Nyuma. Ziko nne. Kuna karatasi nyekundu imechorwa. Spana namba 10." Akafunika simu kwa mkono, nadhani, maana sauti ilikuja nzito: "Baba Zuhura, zikishatoka zinatupwa?"

"Hapana mama," nikasema nikiwa chini ya mashine. "Azitunze. Akihama nyumba atazirudisha. Na matundu ayazibe kwa vile vifuniko vya plastiki vilivyokuja kwenye mfuko."

Akayasema yote neno kwa neno. Akaongeza la kwake, kwamba asije akaikalia.

Mguu ulitoka shimoni kwenye saa kumi na nusu. Mashine yenyewe haikudhurika, ila ubavu una mkwaruzo na mlango wa chumba umebonyea pale kwenye kitasa. Boluti nimezifunga kwenye soksi na kuzining'iniza nyuma. Miguu nimeisawazisha kwa pima maji, pembe kwa pembe, na kila nati nimeikaza kuelekea juu hadi ibane bodi, kwa sababu nati isiyobanwa hulegea kwa mtikisiko hata mashine ikiwa sawa. Mpira wa maji machafu una kamba mbili. Shimo lina kifuniko cha chuma. Mfuo ukiisha mlango wa mashine hubaki wazi kidogo na ule mpira wa mdomoni unafutwa kwa kitambaa, la sivyo Dar hii ndani ya mwezi utaona ukungu mweusi. Mama mkwe alilikamua lile blanketi kwa mikono, akalianika, likawa limekauka kabla mke wangu hajarudi saluni.

Wiki iliyofuata yule mteja wa simu alifika kibandani. Mashine yake ilikuwa imetulia kabisa, akaleta elfu kumi ya shukrani. Akachungulia nyuma yangu, akauliza yule mama fundi yuko wapi.

Nikamwambia amerudi Korogwe.