Antibiotiki kwenye upasuaji wa taya: dozi moja au wiki nzima?

Dozi ya kwanza haina mabishano. Upasuaji wa kurekebisha taya hupitia ndani ya mdomo, kwenye mate yaliyojaa bakteria, na mfupa uliokatwa huunganishwa kwa vibamba vya titani na skrubu. Ndiyo maana antibiotiki huingizwa mshipani ndani ya saa moja kabla ya kisu kugusa nyama, ili damu ya kwanza kutoka iwe tayari na dawa. Ubishi huanza mgonjwa akishazinduka: aendelee na dawa kwa siku ngapi?

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa za kinga zisiendelezwe baada ya upasuaji kwisha. Lakini mwongozo huohuo ulikiri kwamba kwenye upasuaji wa taya upo ushahidi, japo dhaifu, kuwa kuendeleza kunaweza kupunguza maambukizi. Mwaka mmoja kabla, mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yalijumlisha majaribio 7 yenye wagonjwa 472; waliotumia dawa zaidi ya saa 24 walikuwa na hatari ya maambukizi isiyofika nusu ya wenzao wa muda mfupi. Kwa hiyo daktari anayeandika vidonge vya siku tano hajakurupuka.

Hata hivyo, watu 472 ni wachache mno kuamua desturi ya kila mgonjwa. Tena kundi la muda mfupi lilichanganya waliopata dozi ya upasuaji pekee na waliofikishwa saa 24, na mimi naona hapo ndipo swali lenyewe lilipo.

Gharama nayo tuitazame usoni. Mgonjwa huyu amevimba mashavu, meno yamefungwa kwa mipira, analishwa uji kwa bomba la sindano. Kuharisha kunakoletwa na antibiotiki, ambako mtu mwingine angekuvumilia, kwake ni maji ambayo hawezi kuyarudisha haraka. Halafu kuna usugu wa bakteria, ambao hulipwa na mgonjwa mwingine kabisa. Na usaha unaojitokeza wiki kadhaa baadaye kuzunguka skrubu, sioni vidonge vya wiki ya kwanza vingeuzuiaje. Wakati mwingine hauishi mpaka kibamba kitolewe, mfupa ukishaunga.

Ningeishia saa 24 kwa walio wengi. Kwa mvutaji sigara, au aliyekatwa mataya yote mawili kwa saa nyingi, ningekubali siku zaidi, na sababu yake iandikwe kwenye faili.