Toboa sakafu kabla hujanunua lifti

Mtu akinijia kuuliza habari za lifti ya kuweka nyumbani, ile ya kuinulia gari unapolitengeneza, huanza na tani. Nichukue ya tani nne, au nijikamue kidogo nichukue ya tano? Wengine wameshakesha na video na wanajua mpaka rangi wanayoitaka. Anayeanza na sakafu sijamwona bado. Na hapa Kigoma, namna tunavyojenga na mahali tunapojenga, sakafu ndiyo inayokuchagulia lifti. Pesa inafuata nyuma.

Mji wenyewe mnaujua. Ukishaipa stesheni mgongo unaanza kupanda, na kuanzia hapo mpaka Mwanga, Gungu na Katubuka ni miteremko mitupu. Kiwanja unachimba upande wa juu, udongo unausukuma upande wa chini, unainua ukuta wa msingi, unajaza kifusi, kisha unamwaga jamvi. Fundi akishapiga niru, nani atakumbuka upande upi una ardhi ya asili na upi una kifusi? Kwa chumba cha kulala hakuna neno. Banda la gari ndilo lenye kesi, na mara nyingi banda hilo huwekwa upande wa chini kwa sababu ndiko barabara ilikopita.

Jirani yangu mmoja, mzee mstaafu wa reli, alikuwa tayari ameshaulizia lifti ya nguzo mbili, nguzo moja kila upande wa gari, ya tani nne huko Dar. Nikamwomba kabla hajatuma chochote tutoboe sakafu ya banda lake, kona moja tu, mahali ambapo nguzo ingesimama. Kijana wa umeme akaja na drili ya kugonga, biti ya milimita 12. Mwanzoni ukatoka unga wa kijivu, mkavu, kama inavyotakiwa. Biti haijazama hata urefu wa kidole, drili ikadumbukia ghafla, kijana nusura aanguke nayo. Alipoichomoa, mikunjo ya biti ilikuwa imeganda udongo mwekundu, wenye unyevu. Mzee akainama akaufikicha kwa vidole.

"Mwanangu, mbona mapema hivi?"

"Ndiyo jamvi lenyewe, mzee. Hapo umemaliza."

Inchi tatu za zege, kidogo hazitimii, na chini yake kifusi kilichoshindiliwa kwa miguu. Ndivyo zilivyo sakafu nyingi za nyumba zetu, wala sisemi zimejengwa vibaya. Zilijengwa zikanyagwe na watu na kuegeshwa Noah. Hazikujengwa zishikilie nguzo.

Na nguzo ya lifti inafanya nini hasa? Mwaka 1925, Peter Lunati wa Memphis kule Marekani alipokuja na lifti ya haidroliki, ilikuwa na nguzo moja iliyofukiwa ardhini katikati, chini ya gari. Uzito ulishuka wima. Ya nguzo mbili haiko hivyo. Gari linakaa kwenye mikono iliyonyooshwa kuelekea ndani, kwa hiyo kila nguzo muda wote inataka kuinamia gari. Kinachoizuia ni bolti za nyuma ya kitako chake, ambazo zinavutwa juu kama mtu anayeng'oa kigingi. Watengenezaji wengi wanataka zege lisilopungua sentimita 10 hata kwa lifti za kawaida, na wengine wanataka 15 hadi 20, bila ufa, bila kiungio karibu na kitako. Sasa chukua bolti ya kutanuka ndefu kuliko unene wa jamvi lenyewe, uifunge kwenye inchi tatu juu ya kifusi. Inashika nini?

Dawa ipo na haihitaji mhandisi kutoka mbali. Unakata jamvi pale nguzo zinapokaa, unachimba mpaka ufike ardhi ngumu, unasuka nondo, unamwaga zege la maana. Mimi napenda moja, moja na nusu, tatu: saruji, mchanga, kokoto. Halafu unasubiri. Zege linahesabiwa kufikia nguvu yake siku ya 28, na hapa ndipo watu wanaposhindwa, kwa sababu lifti imeshafika, imelala barazani, na watoto wa mtaa mzima wameshaipanda. Mwagilia maji, funika magunia, vumilia. Anayekwambia atafunga bolti baada ya wiki, mwache aende akafunge kwake.

Ila kabla ya kukata jamvi, tazama juu. Lifti ya nguzo mbili inapandisha gari karibu mita 1.8. Noah yenyewe ina kimo cha zaidi ya mita 1.8. Jumlisha, na bado hujaweka nafasi ya kupumua. Banda lenye ukuta wa mita tatu na kenchi juu yake halikupi hicho. Ziko lifti fupi ambazo waya na mipira ya haidroliki hupita sakafuni kwenye bamba, nguzo zake zinaishia kama mita 2.8, lakini nguzo kuwa fupi hakufanyi paa la gari lisigonge kenchi. Zile ambazo waya hupita juu zinataka mita tatu na nusu na zaidi. Pima kutoka sakafuni hadi kwenye kenchi, siyo hadi kwenye bati, na upime pale pale gari litakapokaa.

Hapo wengi wameshakata tamaa, na ndipo ninapotaka kuwafikisha, kwa sababu nadhani walio wengi kati yetu hatuhitaji kabisa nguzo mbili. Hebu tujiulize gari la Kigoma linaharibika wapi. Ukiacha lami ukaingia njia za mashamba ya kahawa kule Kalinzi, au ukazoea safari za vijijini wakati wa mvua, kinachokufa ni bushi, boljointi, shokapu, stabilaiza linki, na breki zinazokula vumbi. Vyote viko kwenye magurudumu au karibu nayo. Kushusha giaboksi nyumbani mtu wa kawaida anafanya mara ngapi? Hiyo peleka kwa fundi, mlipe, mle naye ugali.

Kwa kazi ya magurudumu, lifti ya mkasi ya kimo cha kati, ile inayolala chini ya gari na kufunguka kama mkasi, inatosha na inabaki. Inabeba tani mbili na nusu hadi tatu, inapanda kama mita moja hadi 1.2, magurudumu yote manne yananing'inia huru. Uzito wake unashuka wima kwenye fremu iliyolala chini, kwa hiyo haing'oi bolti, na nyingine hazifungwi hata bolti: ukimaliza unaisukuma pembeni, banda linarudi kuwa banda. Hata dari ya kawaida inaivumilia. IST inapita juu yake bila kukwaruza, maana ikilala huwa na kimo cha sentimita kumi na kitu. Sakafu bado inatakiwa iwe bapa na isiwe imemeng'enyeka, lakini inchi nne za zege zuri juu ya kifusi kilichoshindiliwa kwa mashine utazimudu bila kubomoa nusu ya nyumba.

Kasoro yake ni moja na ni kubwa: imekaa katikati ya gari. Eksozi, propela shafti, giaboksi, vyote viko juu ya chuma cha mkasi na mkono haupiti vizuri. Tena unafanya kazi umekaa kwenye kigoda, husimami. Mimi kigoda sina ugomvi nacho. Kulala chali kwenye boksi la katoni huku jeki ya chupa imeinama ndiko nisikokutaka tena.

Ambaye simpi mkasi ni mwenye Land Cruiser hadtopu, ule mkonga ambao mkoa huu umejaa kwa sababu ya mashirika yanayokwenda Kasulu na Kibondo, na ambao siku hizi wengi wanaununua ukishastaafishwa. Tupu tu unazidi tani mbili, kimo kinakaribia mita 2.1 kabla ya keria, na chasisi yake iko juu sana kutoka chini. Mkasi unapanda nusu ya njia bado haujaigusa chasisi, halafu unachobakiwa nacho ni sentimita chache za kuonyesha majirani. Huyu anahitaji nguzo mbili, na ningemshauri aziweke nje ya nyumba: banda la wazi upande wa juu wa kiwanja, kwenye ardhi iliyochimbwa na siyo iliyojazwa, nguzo za paa ndefu, bati. Pampu na mota azifunikie mvua. Lifti ya nguzo nne, ile unayoingiza gari kwenye njia mbili, ni tamu kwa mwenye magari mawili na nafasi moja. Hapa kwetu mwenye magari mawili ana kiwanja. Na ukitaka kutoa gurudumu juu yake unahitaji jeki nyingine ya kuweka katikati, sasa ya nini?

Shimo nalo linatajwa, hasa na mafundi wa zamani. Ni rahisi na halina mota. Lakini mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatulia shimoni pamoja na wewe na taa yako ya waya, na msimu wa mvua unaligeuza bwawa. Bado boljointi utaifungua kwa jeki.

Umeme sasa. Tangu mwaka 2022 mkoa ulipoanza kupata umeme wa gridi ya taifa na majenereta ya dizeli yakaanza kuzimwa, watu wamejiamini, na wana haki. Ila mota ya lifti ni kilowati 2.2 au karibu na hapo, na inapoanza kuzunguka inavuta mara kadhaa ya kile inachovuta ikishakolea. Nyumba iliyo mwisho wa laini, nguzo ya tatu kutoka kwa jirani, jioni wakati kila mtu anawasha pasi na jiko, mota inaguna tu haipandishi. Ukiendelea kubonyeza, kapasita inakwenda. Hakikisha kwanza umeuziwa mota ya njia moja na siyo ya njia tatu, kisha ivutie waya wake mnene peke yake kutoka kwenye ubao mkuu, na swichi yake yenyewe. Usiichomeke kwenye soketi ya friji.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi mpaka uliulize. Gari likishafika juu, unalishusha kidogo likae kwenye loki za chuma, ili uzito usibebwe na mafuta na sili za silinda. Ndivyo inavyotakiwa, na asiyefanya hivyo usiingie chini ya gari lake. Lakini ili utoke kwenye loki, lazima lipande kwanza sentimita chache ndipo loki ziachie. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kupanda hakupo. Valvu ya kushusha unayo mkononi, na haikusaidii kitu, kwa sababu gari limekalia chuma. Namjua mtu wa Mwanga ambaye gari lake lililala juu hivyo hadi kesho yake mchana, na yeye akaenda kwenye harusi kwa bajaji amevaa suti. Kwa hiyo ulizia kama pampu ina mkono wa dharura wa kupampu, au uwe na jenereta ya kutosha. Ile ndogo ya kuwashia taa na televisheni haitaiamsha mota hiyo.

Tani nazo tuzimalize, kwa kuwa ndizo mlizoanza nazo. Lifti ya tani nne ya nguzo mbili ina mikono minne, na kila mkono umepimiwa tani moja. Gari halikai sawasawa kwenye mikono minne. Pikapu yenye injini ya dizeli mbele na bodi tupu nyuma inailemea mikono ya mbele, na ukishusha ekseli ya nyuma ikiwa juu, uzito uliobaki unahamia mbele zaidi na gari linaweza kupiga pua. Tani nne zinatosha karibu kila gari la nyumbani ninalolijua hapa, mradi gari limekaa mahali pake kwenye mikono. Ya tano ni pesa ambayo ingemwaga zege.

Kuhusu lifti iliyotumika, ikague kabla haijapakiwa, maana ikishasafiri kutoka Dar zaidi ya kilomita 1,200 kuja ziwani hakuna atakayeirudisha. Tafuta bamba lenye uwezo wake na namba yake. Iliyobanduliwa bamba iache. Lifti iliyotengenezwa kwa kiwango cha Ulaya huandikwa EN 1493, na stika peke yake isikulaghai, stika inachapishwa popote. Pitisha kitambaa kikuukuu kwenye waya wa chuma kuanzia juu hadi chini: kikinasa, nyuzi zimeanza kukatika. Pandisha, shusha, sikiliza loki za pande zote mbili zinagonga kwa pamoja. Halafu uliza habari za adapta, vile vikombe virefu vya kuweka kwenye mikono ili vifikie chasisi. Wauzaji wengi huzihesabu kama kitu cha pembeni na hawazipakii. Bila hizo hadtopu haikai, na utajikuta unapanga vipande vya mbao chini ya gari la tani mbili. Zihesabu mwenyewe, ziwe nne na za kimo kimoja, ndipo ulipie.