Vidole vya Arusi

Wanaosema viza ya kazi ya Uingereza inasumbua kwa sababu ya Wazungu, hao hawamjui shangazi yangu.

Mimi ni muuguzi, kwetu Tanga. Kufikia siku ya kupeleka alama za vidole nilikuwa nimeshapanda milima. Mtihani wa Kiingereza wa watu wa afya, ule wa OET, niliangukia kwenye kuandika barua ya rufaa. Mimi, ninayeandika rufaa kila leo na wagonjwa wanapokelewa! Nikarudia, nikafaulu. Nikapigwa picha ya kifua kuonyesha sina kifua kikuu, nikapewa cheti chenye uhai wa miezi 6. Mwajiri akanitumia namba ya udhamini, nayo usipoombea viza ndani ya miezi 3 imekufa. Kila karatasi mkononi ilikuwa inaoza kama nyanya. Nikalipa, nikapata miadi Dar es Salaam, Jumatatu saa 8 mchana.

Jumamosi yake ilikuwa arusi ya binti wa shangazi.

Nilijisogeza pembeni, nikaomba nichorwe viganja tu, ncha za vidole waniachie. Shangazi akaushika mkono wangu, akaugeuzageuza kama anayenunua changu sokoni.

"Mkono mtupu haulambwi, mwanangu. Utawapokea wakwe na vidole vimepauka hivi?"

Sijajibu, vyote 10 vimeshapakwa piko mpaka kiungo cha kwanza. Na si hina ile nyekundu ya kufifia. Piko jeusi, lenye dawa ya nywele ndani yake, ambalo wodini ningempigia mtu kelele asilipake. Lakini shangazi si mgonjwa wangu. Nikanyamaza.

Jumapili usiku ndipo nikayasoma maelekezo ya miadi mpaka chini kabisa. Ncha za vidole zisiwe na hina. Zisiwe na michubuko.

Nilianza na ndimu na chumvi. Nikaja kwenye dawa ya mswaki. Nikaja kwenye jiki, Mungu anisamehe. Saa 7 usiku nilikuwa uani nimekumbatia jiwe la kusugulia visigino, nasugua kidole kimoja kimoja. Piko lilitoka kwenye weusi likaingia rangi ya ukoko wa wali ulioungua, hapo likagoma. Kilichokubali kutoka ni ngozi.

Basi la saa 11 alfajiri nilipanda mikono ikiwa ndani ya khanga, kama nimebeba kifaranga.

Kijana wa mashine alikuwa mpole. "Dada, weka vinne vya kulia." Taa nyekundu. Akafuta kioo. Nyekundu. Akaniomba nigeuze mikono, akainama kuitazama.

"Pole, dada. Uliungua?"

"Hapana. Arusi."

"Oh, hongera!"

"Si yangu. Ya binamu."

Akamwita mwenzake, mwenzake akamwita msimamizi, mama wa makamo aliyevaa miwani. Foleni nyuma yangu ikanyoosha shingo. Yule mama akavuta kidole changu cha shahada karibu na pua yake.

"Piko la wapi hili?"

"La Tanga, mama."

"Mh. Limekolea." Akakirudisha kidole taratibu. "Sasa mwanangu, hina haturuhusu. Michubuko haturuhusu. Wewe umetuletea vyote."

Nikapangiwa tena baada ya wiki mbili. Vyombo niliosha na glavu, usiku nilijipaka mafuta ya nazi, wali nilikula kwa kijiko. Mtu wa Tanga, wali wa nazi, kijiko! Na kila asubuhi nilitazama kucha kwanza, kalenda baadaye, nikihesabu siku zilizobaki kwenye kile cheti cha kifua.

Mara ya pili, vinne vya kulia, kijani. Vinne vya kushoto, kijani. Gumba zote mbili, kijani. Hata kukohoa sikuwahi.

Nikiwa kituo cha mabasi, simu ya shangazi ikaingia.

"Wamesemaje kuhusu piko langu?"

Ningemwambia nini? "Shangazi, mara ile ya kwanza waliitana watu watatu kulitazama. Msimamizi mwenyewe alisema limekolea."

Viza ilitoka. Shangazi naye, nasikia, amepandisha bei: kila bibi arusi anayekuja anaambiwa kwamba piko hili limekaguliwa na ofisi ya viza ya Wazungu.