Kipimo cha Choo Kimefika Nyumbani, Mbona Hakirudi Maabara?

Kipimo cha kusaka damu isiyoonekana kwenye choo kikubwa, maarufu kama FIT, hakiumizi wala hakidai kufunga kula. Mtu hujipimia nyumbani, na saratani ya utumbo mpana inaweza kugunduliwa kabla ya dalili. Lakini Marekani na Uingereza vifaa vingi havirudi, na wasiorudisha ni zaidi watu wa kipato cha chini.

Wanaotetea kutuma vifaa kwa posta wana ushahidi mzito. Kaiser Permanente ya kaskazini mwa California, shirika linalotoa bima na matibabu kwa pamoja, huwatumia wanachama wake FIT kila mwaka bila kungoja waje kliniki. Waliokuwa wamechunguzwa walipanda kutoka takriban 40% mwaka 2000 hadi 80% hivi mwaka 2019, weusi kwa weupe, na pengo la vifo kati yao likakaribia kwisha. Ila hao ni watu wenye bima na anwani inayojulikana, wanaokumbushwa wasiporudisha, na kolonoskopi, yaani kuchunguza utumbo mpana kwa kamera, inafanyika katika mfumo uleule. Kliniki inayohudumia wasio na bima ikiiga bahasha tu, imeiga sehemu rahisi.

Uingereza nayo inafundisha jambo. Hadi 2019 kipimo chake cha zamani kilidai sampuli mbili kutoka kila choo, mara tatu, zipakwe kwenye kadi. FIT inataka sampuli moja. Katika jaribio la 2014 walioitikia walipanda kutoka 59% hadi 66%, na kati ya waliowahi kupuuza mwaliko, kutoka takriban 12% hadi 24%. Urahisi unalipa, hilo halina ubishi. Hata hivyo maeneo maskini bado yako nyuma.

Sababu moja imo ndani ya bahasha yenyewe. Kifuniko cha kichupa kina kijiti chenye mifereji midogo. Unatandaza karatasi ili choo kisiguse maji, unakwangua sehemu kadhaa kwa ncha ya kijiti mpaka mifereji ijae, unakirudisha na kufunga. Wengi hujaza tonge wakidhani kingi ndiyo bora, ilhali kwa aina nyingi dawa iliyomo imepimiwa miligramu 10 tu. Wengine husahau kuandika tarehe, na maabara inakataa sampuli. Kichupa kikikaa siku nyingi kwenye joto ni hatari zaidi: himoglobini, sehemu ya damu ambayo FIT huisaka, huvunjika, na jibu linakuja safi wakati damu ilikuwepo. Mzee aliyetoka Kongo akapewa maelezo ya Kiingereza pekee hawezi kuyajua haya, hata awe na nia njema kiasi gani. Picha kubwa na simu moja ya mtu anayesema lugha yake humsaidia kuliko kijitabu.

Upo upande wa pili: kipimo cha vinasaba vya choo, kama Cologuard. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa 2014 kilinasa 92% ya saratani, FIT 74%, na hurudiwa kila miaka mitatu badala ya kila mwaka. Hoja hiyo ni nzito. Lakini kinataka choo kizima ndani ya ndoo iliyopachikwa chooni, kimiminiwe dawa, kisha boksi lifike maabara ndani ya siku chache. Kwa anayetumia choo kimoja na watu wanane na hana gari, tungeanza na FIT. Tofauti ile ya asilimia haimfai mtu ambaye boksi lake limebaki chini ya sinki.

Tena kichupa kurudi si mwisho wa safari. Jibu likionyesha damu lazima ifuate kolonoskopi: dawa ya kusafisha tumbo, siku bila kazi, na mtu wa kukurudisha nyumbani baada ya dawa ya usingizi. Marekani bima nyingi sasa hazimtozi mgonjwa kwa hatua hii, lakini hazimlipi mshahara wa siku aliyokosa. Kliniki inayohesabu vichupa vilivyorudi ihesabu pia, kwa lugha na kwa aina ya bima, wangapi kati ya waliokutwa na damu walifika kwenye kolonoskopi.