Diski za Zamani kwenye Mashine Mpya: Mchezaji Ana Haki ya Kudai Nini?

Katika maduka ya elektroniki ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi, mteja anayeulizia bei ya PlayStation 5, mashine ya Sony ya michezo ya video, mara nyingi hutaka pia kujua kama diski alizonazo nyumbani zitacheza. Za PlayStation 4 zitacheza karibu zote, kwani Sony yenyewe inasema zaidi ya asilimia 99 ya michezo hiyo inakubali; za PlayStation 3 haitacheza hata moja. Wapo wanaoiona hali hiyo kuwa dhuluma, na wapo wanaosema kwamba aliyenunua mashine ya 2006 aliuziwa mashine ya 2006 na hakuahidiwa zaidi ya hapo. Pande zote mbili zina hoja, ingawa kwa maoni yangu hoja hizo hazilingani uzito.

Hoja ya watengenezaji haistahili kupuuzwa. Michezo ya PlayStation 3 iliandikwa kwa kufuata muundo wa Cell, prosesa iliyobuniwa na Sony, Toshiba na IBM, yenye kiini kikuu kimoja kinachogawia kazi viini vidogo kadhaa vyenye namna yao ya kupiga hesabu. PlayStation 4 ya 2013 iliachana na muundo huo ikachukua prosesa ya AMD, ya jamii ileile ya kompyuta za kawaida, na kwa hiyo ili icheze mchezo wa awali ingehitaji programu ya kuigiza Cell hatua kwa hatua bila mchezo kukwamakwama, kazi inayodai nguvu nyingi kupita zile za mashine inayoigizwa. Njia nyingine ni kuiweka mashine ya zamani ndani ya mpya. Sony iliijaribu: PlayStation 3 za kwanza zilizouzwa Japani na Marekani zilibeba chipu za PlayStation 2, na Marekani ziliuzwa dola 499 na 599, bei iliyolalamikiwa sana, kisha chipu hizo zikaondolewa katika matoleo yaliyofuata ili kupunguza gharama. Gharama hiyo, tukumbuke, humwangukia pia mnunuzi asiye na diski yoyote ya zamani.

Hata hivyo, ugumu wa kiufundi si neno la mwisho. Mwaka 2015 Microsoft iliiwezesha Xbox One, mashine yake ya michezo, kucheza michezo ya Xbox 360 iliyoitangulia, ingawa prosesa za mashine hizo mbili ni za jamii tofauti, na mwenye diski ya mchezo ulioidhinishwa hakulipishwa tena. Ilipofika Novemba 2021 kampuni hiyo ilitangaza kwamba imeongeza michezo ya mwisho, ikitaja vikwazo vya leseni na sheria pamoja na vya kiufundi. Kwa upande mwingine, The Last of Us ya Sony ilitoka kwa PlayStation 3 mwaka 2013, ikauzwa upya kwa PlayStation 4 mwaka 2014, na ikatengenezwa upya kwa PlayStation 5 mwaka 2022. Picha ziliboreshwa, hilo sikatai, lakini kampuni inayopata faida kwa kuuza tena mchezo uleule haina haraka ya kuifungulia njia diski ya zamani.

Kwa Nairobi jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu diski hapa ni mali: huuzwa, hubadilishwa, huazimwa. Mwenye banda la gemu kule Umoja au Githurai, anayelipwa kwa kila mechi, huiweka PlayStation 3 kazini kwa miaka mingi, na inapoanza kukataa diski humpelekea fundi, ambaye huifungua, akafuta lenzi kwa pamba, akabadilisha na ile krimu ya kupooza prosesa iliyokwisha kukauka. Lenzi ikifa kabisa, rundo zima la diski hutegemea kupatikana kwa mashine nyingine iliyokwisha kutumika.

Kwa hiyo nadhani dai linafaa kupimwa kwa umbali kati ya mashine na mashine. Pale muundo ulipobadilika kabisa, mchezaji anaweza kutumaini, na akitaka zaidi ya hapo awe tayari kulipia. Pale muundo ulipobaki katika jamii moja, kama kutoka PlayStation 4 hadi 5, ana haki ya kudai, na kukataliwa kungehitaji maelezo ya kina.

Ndiyo maana matoleo ya PlayStation 5 yasiyo na kisomaji cha diski yananikera kuliko suala lote la Cell. Mashine hiyo ina uwezo wa kucheza mchezo, na diski mteja anayo mkononi. Kilichoondolewa ni tundu la kuiingizia. Toleo la aina hiyo la 2020 halina hata mahali pa kuunganishia kisomaji. Lile jembamba la 2023 linapo, lakini kisomaji hununuliwa kando, na lazima kwanza kisajiliwe kwa intaneti kabla hakijasoma diski yoyote.